Sekunde Tisa

Mtoto huyu, wamesema skuli, ni mzubaifu.
Mwalimu wa hesabu kaandika kwa wino mwekundu:
"Mundhir hasikii mpaka aitwe mara tatu."
Bibi yake anasema kuna mtu anamwita kwa ndani.
Mama yake hasemi kitu. Kaupakata mkoba
kama abiria asiyejua ateremke wapi.

Spitali ya Ibra, saa nne asubuhi,
nje jua limeshaanza kuyapika mawe.
Napima kichwa kwa utepe,
kutoka mzizi wa pua hadi kifundo cha kisogo,
natia alama kwa penseli,
nasugua ngozi, nabandika vikombe ishirini na kimoja
kwa uji mzito unaonata.
"Nimekuwa tausi," anasema, anacheka na kioo.

Bibi ananisogelea na Kiswahili chake cha Ng'ambo,
kwa sauti ya chini, wenye Kiarabu wasisikie:
"Mwanangu, hicho chombo kinasoma anayowaza?"

La, bibi.
Babu yangu alikuwa arifu wa falaji.
Aligawa maji, mchana kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota.
Hakuingia chini ya ardhi. Alikaa
pale mfereji unapotokeza kwenye mwanga,
akayatazama maji.
Yakija na tope alijua dari imeporomoka,
na karibu na kisima kipi.
Mvua ilinyesha mlima gani, hayakumwambia.
Nami nimekaa pale pale, mdomoni.

Haya Mundhir, puliza.
Nimempa kititia cha karatasi.
Kinazunguka, kinazunguka, dakika ya kwanza,
ya pili, mistari inapita kwenye skrini
kama nyasi zenye upepo mdogo,
kisha
kititia kinasimama.

Macho yapo. Mwenyewe hayupo.
Na skrini nzima imesimama wima:
mwiba na wimbi, mwiba na wimbi,
mbele, nyuma, kushoto, kulia, kwa pamoja,
mara tatu kila sekunde.
Namtupia neno: "Komamanga."
Sita. Saba. Nane.
Tisa.
Mistari inalala. Kititia kinaanza tena.

"Nimekwambia neno gani, Mundhir?"
"Neno? Lini?"

Mama ndipo alipolia,
si kwa sauti. Aliweka kidole kwenye skrini,
juu ya mwiba mmoja, kama anayepima chumvi.
"Nilimpiga," alisema. "Kwa hili."

Daktari Sreelatha aliusoma mchana ule ule.
Dawa ya maji, asubuhi na jioni.
Ingekuwa miiba ya upande mmoja tu, ingekuwa dawa nyingine,
na hiyo nyingine, kwa huyu, ingemzidishia.
Ndiyo maana tunapima kabla ya kumimina.

Usiku uliotangulia nilikuwa wadi ya mahututi.
Mzee kutoka Mudhaibi, siku mbili kimya,
jamaa wakisema Alhamdulillahi, amepumzika.
Hakupumzika. Mistari ilikuwa inapiga kelele.
Degedege lisilotikisa hata kope.
Tukamchoma sindano, mistari ikatulia;
yeye, mpaka naondoka, bado.
Sijui nimalizie vipi habari hiyo.

Mama aliomba karatasi moja ya mchoro ule.
Kaipeleka skuli, nimesikia,
kaiweka juu ya meza ya mwalimu wa hesabu,
kaondoka bila ya kukaa.

Miezi mitano baadaye tausi karudi.
Puliza. Kititia kikazunguka dakika tatu,
sikukiona kikisimama.
Nyasi, upepo mdogo, nyasi.
Akajipinda shingo aitazame skrini:
"Na ile milima yangu?"
Haipo leo.
Akanuna. Alishawaahidi wenzake
kwamba safari hii angewaletea picha.

Nilipokuwa nikimwosha uji nyweleni
bila ya kuulizwa akaniambia, "Komamanga."
Mama yake kumbe alimsimulia.
Na kila asubuhi, akimpa kijiko,
humwambia neno moja,
kisha hungoja.